Mfarishi uliouzwa kwa dola tano

Watu wa pwani tukitajiwa Migori na Homa Bay, mawazo yetu hukimbilia ziwa na samaki, basi. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka hivi karibuni, shughuli za kazi ziliponichukua pande hizo. Nilianzia Migori, nikapita Rongo, nikateremka Homa Bay, kisha nikafika Kendu Bay, mji ambao Waislamu wa Kijaluo wamekuwako tangu zamani, na adhana husikika kando ya ziwa kama isikikavyo kwetu kando ya bahari. Mengi niliyaona, wala siwezi kuyamaliza katika ukurasa mmoja. Leo nataka kueleza habari ya mfarishi.

Vijana wengi hawalijui neno hili, kwa kuwa blanketi la dukani limelifukuza. Mfarishi ni tandiko nene la kulalia au kujifunika, lenye matabaka matatu. Juu huwa kitambaa cha kupendeza, chini huwa bitana, na katikati hutiwa pamba, sufi, au hata blanketi kuukuu. Kazi kubwa ni kuyashika matabaka hayo yawe kitu kimoja.

Pale Migori mafundi cherehani hukaa barazani mwa maduka, na mabaki ya vitambaa huanguka miguuni mwao kutwa kucha. Nilimwona mama mmoja akiyaokota, akiyachagua kwa rangi, akiyatia mfukoni. Nilidhani ni ya kujazia mto. Nilipofika Homa Bay, katika nyumba moja chini ya kilima cha Asego, ndipo nilipoona mabaki ya namna ile hufanywa nini.

Viraka vilikuwa vimekwisha kuungwa, chekundu kwa cha samawati, cha maua kwa cha mistari. Mama mwenye kazi na binti yake waliutandaza mfarishi juu ya mkeka, wakaunyosha mpaka usiwe na kunjo hata moja. Mama akashika sindano kubwa yenye uzi mnene. Akaishusha toka juu hata ikatokea chini, akaipandisha tena kando kidogo, akazikutanisha ncha mbili za uzi na kuzifunga fundo, kwanza kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, ili lisifunguke. Akakata uzi, akasogea kiasi cha shibiri, akafunga fundo jingine. Mafundo yakiwa mbali mbali, vilivyomo ndani huhama siku ya kufuliwa na kujikusanya pembeni. Yakikaribiana, mfarishi hudumu miaka. Kushona kwa mstari mzima huchukua majuma mengi. Kwa mafundo mfarishi hukamilika kwa siku chache.

Nilimwuliza bei. Akanitajia, na kabla sijafungua mdomo kuipunguza, akaipunguza mwenyewe. Alikwisha kujua mnunuzi atasema nini. Jina lake nimeliandika katika daftari langu, ila hapa silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Lakini jambo lile la mtu kuishusha thamani ya kazi yake mwenyewe lilinikumbusha bibi mmoja wa Marekani, aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambaye leo majumba makubwa ya makumbusho hujivunia kuwa na kazi ya mikono yake. Huyo ni Harriet Powers.

MTUMWA WA GEORGIA

Harriet alizaliwa utumwani tarehe 29 Oktoba, 1837, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, si mbali na mji uitwao Athens. Msomaji asidhani kuwa ni Athens ya Wayunani. Wamarekani hupenda kuipa miji yao majina ya watu wengine. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa utumwa ni nini. Ulikuwako kwetu pia, na haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897 katika Unguja na 1907 katika pwani ya Kenya. Kwa hiyo mtu akituambia kuwa huyu alizaliwa akiwa mali ya mwingine, twajua asemalo.

Mwaka 1855, akiwa na umri wa miaka 18, aliolewa na Armstead Powers, mtumwa kama yeye. Walijaliwa watoto wasiopungua tisa. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861, vikaisha 1865, na hapo ndipo Harriet, mumewe na watoto wao walipopata uhuru. Walikuwa huru lakini mikono mitupu. Walihangaika na ukulima hata wakapata kishamba chao cha eka nne hivi karibu na Athens. Mumewe alilima, na yeye alifanya kazi za nyumbani na kushona.

Kwa muda mrefu watu waliandika kuwa bibi huyu hakujua kusoma wala kuandika. Walimwona mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, wakahukumu. Mwaka 2009 mwandishi Kyra Hicks alitoa kitabu chenye nakala ya barua ya Harriet ya mwaka 1896, ambamo anaeleza habari zake mwenyewe. Katika barua hiyo asema kuwa alianza kujifunza kusoma utotoni kwa msaada wa watoto wa Kizungu, kisha akajiendeleza. Tena asema kuwa mwaka 1872 alishona mfarishi wenye vipande 4,050. Hebu, ndugu msomaji, hesabu vipande hivyo kimoja kimoja, kila kimoja kikatwe, kikunjwe pindo, kishonwe kwa mwenziwe, na hayo yafanywe baada ya kazi za kutwa. Baadaye alishona mwingine wa vipande 2,500. Mifarishi hiyo haijulikani iliko.

PAMBA YAO, NGUO ZETU

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa maisha ya bibi huyu hayako mbali na yetu kama yanavyoonekana kwenye ramani.

Wazee wetu walivaa kitambaa kilichoitwa merikani, na jina lenyewe laeleza asili yake. Mwaka 1833, mwezi wa Septemba, Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani. Majahazi ya Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, yakawa yakija Unguja kuchukua pembe na sandarusi, na kuleta shehena za nguo. Viwanda vilivyofuma nguo hizo vilikuwa kaskazini mwa Marekani, lakini pamba yake ilitoka kusini, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo hayo. Merikani ilibebwa na misafara kwenda bara ikawa kama fedha: kwa merikani ulilipa wapagazi, ulinunua chakula, ulipata njia ya kupita. Vita vya 1861 vilipozuka merikani ikaadimika katika masoko yetu.

Kwa hiyo, pamba iliyochumwa kwa jasho la watumwa wa kusini ya Marekani iliwasitiri mababu zetu, ilhali waliochuma hawakulipwa hata senti. Waingereza walipokuja nao waliwahimiza watu wa Nyanza kulima pamba, na kiwanda cha kuchambulia pamba kilijengwa Homa Bay. Niliyakumbuka hayo nikimtazama yule mama akipachika pamba ya huku juu ya pamba ya kule. Nguo ina safari ndefu, na aghalabu mtu wa mwanzo katika safari hiyo ndiye apataye kidogo kuliko wote.

MFARISHI WA KWANZA

Mwaka 1886 palikuwa na maonyesho ya pamba katika mji wa Athens, na Harriet alipeleka mfarishi wake. Haukuwa wa mafundo kama ile niliyoiona Homa Bay; ulishonwa kwa sindano ya mkono na kwa cherehani. Wala haukuwa wa viraka vya kupendezesha macho tu. Alikuwa amekata vitambaa kwa maumbo ya watu, wanyama, jua, mwezi na nyota, akavishona juu ya kitambaa kingine, hata kila chumba cha mfarishi kikawa kisa kamili. Vyumba vilikuwa 11, na vyote vilitoka katika kitabu cha dini yake ya Kikristo: Adamu akiwapa wanyama majina, Kabili na Habili, Yakobo akiota, na vingine mpaka habari za Isa. Wataalamu wameifananisha kazi hiyo na nguo za mafundi wa Dahomey, nchi iitwayo Benin leo, ambao nao hukata maumbo ya vitambaa na kuyashona juu ya nguo kusimulia habari za wafalme wao.

Katika maonyesho hayo alikuwako mwalimu wa uchoraji, Jennie Smith, mwanamke wa Kizungu aliyefundisha katika shule ya wasichana ya mji huo. Alisimama mbele ya mfarishi akashangaa. Akamtafuta mwenyewe mpaka akampata, akataka kuununua. Harriet alikataa katakata. Hakutaka kusikia bei yoyote.

Miaka ikapita, na hali ya wakulima wadogo ikawa ngumu. Mwaka 1890 au 1891 Harriet alipeleka habari kwamba yu tayari kuuza, lakini wakati huo Jennie Smith naye hakuwa na fedha. Baadaye mwalimu alipozipata alimpelekea ujumbe. Harriet akaja kwa gari la ng'ombe, mfarishi ameupakata, ameufunga katika mfuko safi wa unga, na mfuko huo ameutia ndani ya gunia. Alitaka dola 10. Mwalimu akasema hana zaidi ya tano. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, na mumewe akamwambia kwa hali waliyo nayo ni afadhali azichukue. Akarudi ndani, akapokea dola tano.

Lakini hakuondoka hivi hivi. Alimkalisha mwalimu akamweleza kila chumba cha mfarishi: huyu ni nani, mnyama huyu kwa nini yuko hapa, nyota hizi zina maana gani. Jennie Smith aliyaandika yote. Pia alimwahidi kumwekea mabaki ya vitambaa. Na baada ya siku ile Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mwalimu, si kudai kitu, bali kuutazama mfarishi wake tu. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila nikifika hapo huona uzito kifuani. Mimi ni mtu wa mashairi. Najua ilivyo kutoa kitu kilichotoka ndani ya nafsi yako kikaenda kukaa kwa mwingine. Ila mimi shairi nikilitoa hubaki nalo kichwani. Yeye alikuwa na mfarishi mmoja tu.

MITUME JUU YA NGUO

Mwaka 1895 Jennie Smith aliupeleka mfarishi katika maonyesho makubwa ya Atlanta, na sifa zake zikaenea. Kiasi cha mwaka 1898 Harriet alikuwa amekamilisha mwingine wa picha, ambao ulifika mikononi mwa kasisi Charles Cuthbert Hall wa New York. Huu una vyumba 15.

Niliiona picha ya mfarishi huu katika kitabu, na kabla ya kusoma maelezo nilimtambua mtu anayetupwa kutoka chomboni na samaki mkubwa anayemngoja. Ni nani kati yetu aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu asiyemjua Nabii Yunus? Nikatazama tena, nikaona wanyama wawili wawili. Yuko Nabii Ayub na subira yake, yuko Nabii Musa na nyoka, wako Adamu na Hawa. Sisi hatuwachori Mitume, na katika habari ya Nabii Isa imani yetu na yake zaachana. Hayo yajulikana, wala sina haja ya kuyarefusha. Nataka tu kusema kuwa bibi huyu alichagua visa vya watu waliotiwa katika dhiki wakaokolewa, na mtu aliyezaliwa mtumwa alikuwa na sababu ya kuvipenda visa hivyo.

Kando ya Mitume aliweka tarikh. Kipo chumba cha siku ya giza, 19 Mei, 1780, ambapo moshi wa misitu iliyoungua uliufunika mchana kaskazini mwa Marekani hata watu wakadhani kiyama kimefika. Kipo chumba cha Alhamisi ya baridi kali ya Februari, 1895, siku ambayo yeye mwenyewe aliishuhudia. Na kipo chumba cha usiku wa 13 Novemba, 1833, vimondo vilipomiminika angani kama mvua. Hiyo ni miezi miwili tu baada ya mapatano ya Sayyid Said, na miaka minne kabla ya Harriet kuzaliwa. Kisa hicho aliusikia kwa wakubwa wake, akakihifadhi kwa kitambaa. Kwetu jambo kama hilo lingetungiwa utenzi.

Kimo hata chumba cha nguruwe jike, na msomaji asinune. Nguruwe huyo, kwa maelezo ya Harriet, alikimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Wako wasomi waonao kuwa hapo amefumba habari ya watumwa waliotoroka. Washairi wetu nao wamezoea kufumba, na anayejua hufumbua.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho haikuwa mepesi. Kishamba chao kiliuzwa kidogo kidogo, na katikati ya miaka ya 1890 Armstead aliondoka nyumbani. Harriet akabaki akijilisha kwa sindano yake. Alifariki tarehe 1 Januari, 1910, akazikwa katika makaburi ya watu weusi ya Gospel Pilgrim mjini Athens. Kaburi lake lilisahauliwa, majani yakaota, mpaka jiwe lake lilipogunduliwa upya mwaka 2005.

Mifarishi yake miwili ndiyo iliyosalia. Ule ulionunuliwa kwa dola tano umo katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Wa pili umo katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Ukiwa Boston, msomaji, hauko mbali na Salem, bandari ile ile yalikotoka majahazi ya merikani.

Sasa nauliza: kwa nini twamjua Harriet Powers, ilhali maelfu ya wanawake waliotengeneza mifarishi wakati wake hawajulikani? Ustadi wake ulikuwa mkubwa, hilo sibishi. Lakini hata wa vipande 4,050 umepotea, na ustadi wake ulikuwa ni ule ule. Tofauti ni kwamba kwa huu wa dola tano alipatikana mtu wa kuuliza maana yake na kuandika alichojibiwa pamoja na jina la aliyejibu. Jennie Smith alinunua kwa nusu ya bei, na lawama hiyo haimtoki. Lakini ile karatasi aliyoiandika ndiyo iliyomhifadhi bibi yule.

Nasi tujitazame. Kofia ya mkono ya Lamu huchukua miezi. Tundu moja moja hutobolewa na kuzungushiwa uzi, na aghalabu ni kazi ya mwanamke aliye ndani, ambaye hata dukani inakouzwa hafiki. Kofia huvaliwa Idi, huvaliwa harusini, husifiwa barazani. Muulize mvaaji ni nani aliyeishona, atakutajia duka. Mikeka yetu vilevile, mikoba vilevile, na huko Migori na Homa Bay mifarishi vilevile. Twasema utamaduni wetu wapotea, na wenye utamaduni huo wako mtaa wa pili, hatujawauliza.

Basi, ndugu msomaji, ukinunua kazi ya mkono, muulize aliyeifanya jina lake na maana ya nakshi aliyoitia. Akikubali, andika, pamoja na mwaka. Na akikutajia bei kisha akaishusha mwenyewe kwa hofu, mlipe ile ya kwanza.